Unataka Shamba?

Pemba ukiulizia habari za babu wa babu yako, hujibiwi, unaulizwa: "Unataka shamba?" Mimi nilitaka jina tu. Alasiri haijaingia, Wete nzima ishajua kuwa nimekuja kudai mikarafuu, na shangazi aliyekuwa akinipikia pweza kwa nazi akaanza kunipa wali mtupu.

Hofu yao ina asili. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo mti wetu ni mali ya kugombaniwa. Hati ya shamba niliyoitafuta ili nilipate jina hilo hata eka haikutaja. Ilihesabu miti: mikarafuu izaayo mbali, miche mbali, minazi mbali. Mke wa mwenye shamba hakuandikwa. Mwembe uliandikwa.

Na majina je? Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, basi Kombo humzaa Faki, Faki akamzaa Kombo, mpaka kiama. Nilivuka maji hadi Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikawakuta akina Kombo bin Faki wamepakana: kaskazini huyu, kusini yule, mashariki mto, magharibi "shamba la nduguye". Nduguye nani? Karani alimjua, akaona kumtaja ni kupoteza wino. Kuufuata mpaka wenyewe kwa miguu nako hakusaidii, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligaiwa eka tatu tatu, na ule mwembe sasa umo uani kwa mtu, tena mwenye mbwa.

Hati ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, nikampelekea nakala mzee mmoja wa Chake Chake anayezisoma. Akavaa miwani, akatikisa kichwa, akacheka peke yake. Babu yetu aliliuza shamba kwa bei ya khiari: arudishe fedha kwa muda waliopatana, shamba limrudie. Fedha hazikurudi. Na sisi ndio ukoo unaojinadi kila harusi kwamba hatujawahi kukopa hata chumvi!

Nikamweleza ami yangu barazani. Alinyamaza, akatazama kulia na kushoto.

"Nani mwengine kaisoma?"

"Yule mzee wa Chake, ami."

"Aa, yule haoni," akasema upesi. "Na wewe, mwanangu, Kiarabu hukijui."

Usiku ule shangazi alipika pweza.