Barua ya Wazi kwa Umoja wa Posta Duniani: Kuna Mchukuzi Mmemsahau

Mkurugenzi Mkuu,
Umoja wa Posta Duniani,
Bern, Uswisi.

YAH: OMBI LA KUMTAMBUA MWENYE SANDUKU KUWA MCHUKUZI WA BARUA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi yako ndiyo mlezi wa posta za dunia tangu Mkataba wa Bern wa tarehe 9 Oktoba 1874, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa Siku ya Posta Duniani kwa hotuba na masimulizi ya enzi. Masimulizi hayo hayakosi wachukuzi wa ajabu: ndege wamo, wanyama wamo, waogeleaji wamo, hata kombora limo. Asiyekuwemo ni mmoja tu, naye anawashinda wote kwa ajabu. Ni mwenye sanduku la posta wa Afrika Mashariki. Barua yake huifuata mwenyewe mjini, sanduku hulifungua kwa ufunguo wake, mzigo huubeba hadi nyumbani kwa nauli yake, na kila mwaka hulipa ada ili asije akanyang'anywa kazi hiyo. Katika historia nzima ya posta hakuna kiumbe mwingine aliyeajiriwa kwa masharti ya namna hii, na ninaomba nafasi ya kulithibitisha hilo.

Tuanze na ndege, maana ndio wakongwe wa kazi. Hudihudi wa Nabii Suleiman, anayetajwa katika Sura ya An-Naml, alikabidhiwa barua aipeleke kwa Malkia wa Sabaa. Hakuambiwa aitundike njia panda ili malkia akipata nafasi Jumamosi aje kuichukua. Baada yake waje njiwa wa Paris. Majeshi ya Prussia yalipouzingira mji huo Septemba 1870, njiwa walitolewa nje kwa maputo, wakaachiwa warudi na barua. Mpiga picha René Dagron alizipunguza barua hizo hadi zikawa vidoa kwenye utando mwembamba wa filamu, utando ukaviringishwa na kutiwa ndani ya kibomba cha unyoya, kibomba kikafungwa kwenye mkia wa njiwa. Njiwa mmoja aliweza kubeba maelfu ya barua. Wengi walipotelea njiani kwa baridi, kwa mwewe na kwa risasi. Lakini mmoja akifika, utando ulimulikwa kwa taa ukutani, makarani wakaketi kunakili neno kwa neno, kisha kila ujumbe ukapelekwa kwa mwenyewe. Hapo ndipo ninapoomba utulie kidogo, Mheshimiwa. Mji umefika pa kula panya, mizinga inalia, na bado yupo mtu anayelipwa ili bibi wa mtaa fulani apate habari kwamba mwanawe hajambo. Posta ya Paris haikubandika tangazo kwamba, kutokana na hali ya vita, wateja wafike wenyewe wakiwa na vitambulisho.

Huko Tonga kuna kisiwa kiitwacho Niuafo'ou, mlima wa volkano uliochomoza baharini, usio na bandari wala mahali pa meli kutia nanga. Barua za kisiwa hicho zilifungwa ndani ya debe, debe likazibwa lisiingie maji, likatupwa kutoka melini, na waogeleaji wakatoka pwani wakielea juu ya gogo kulifuata kwenye bahari kuu. Barua za kwenda nje zilifuata njia hiyohiyo. Mfanyabiashara mmoja Mjerumani, Walter George Quensell, alizigonga muhuri wa posta ya debe kwa lugha mbalimbali, na wakusanyaji wa stempu duniani kote wakazigombania. Mwaka 1931 papa alimuua mmoja wa waogeleaji. Serikali ya Tonga ikapiga marufuku kuogelea, na mitumbwi ikachukua nafasi. Kwa kinywa kichafu ningesema ilihitajika maiti moja ili masharti ya kazi yabadilishwe. Kwa haki ninasema yalibadilishwa, na barua zikaendelea kufika. Sisi hatujaliwa na papa, na huenda ndiyo sababu faili letu halijafunguliwa.

Ngamia wa posta wa Sudan naye hakuishia kulishwa tu: mwaka 1898 alichorwa kwenye stempu, akiwa na mchukuzi wake mgongoni, na mchoro huo ukatumika kwa miaka mingi sana. Baghala wa Supai, kijiji cha Wahavasupai chini kabisa ya bonde la Grand Canyon huko Arizona, hadi leo wanashusha barua na mizigo ya posta kwa njia ya miamba ya takriban kilomita 13, kwa sababu gari haliwezi kufika. Kijiji chenyewe kina watu mia chache. Hakuna mhasibu anayeweza kuihalalisha safari hiyo kwa hesabu ya faida, na wala hakuna aliyeombwa kufanya hivyo. Wahavasupai wana haki ya barua kama watu wa New York, basi. Asante ya punda ni mateke, lakini mtoto wa punda wa Supai anapata majani, maji na kupumzika.

Marekani hiyohiyo imewahi kupitiliza. Huduma ya vifurushi ilipoanza tarehe 1 Januari 1913, sheria haikusema wazi kwamba mtoto si kifurushi, na wazazi kadhaa wakaitumia nafasi hiyo. Februari 1914 binti mdogo, May Pierstorff, alibandikwa stempu za senti 53 kwenye koti, akapandishwa treni kutoka Grangeville hadi Lewiston, Idaho, akapelekwa hadi nyumbani kwa bibi yake. Tarehe 8 Juni 1959 wakaja na kubwa zaidi. Nyambizi ya USS Barbero ilifyatua kombora aina ya Regulus lililobeba barua 3,000 mahali pa kichwa cha bomu, likatua Mayport, Florida, na Mkuu wa Posta Arthur Summerfield akatabiri kwamba kabla binadamu hajafika mwezini barua zitakuwa zikirushwa kwa makombora hadi Uingereza, India na Australia. Utabiri uligoma. Ila hata siku ile ya mbwembwe, kombora lilipotua, barua zilikabidhiwa posta ya kawaida zichambuliwe na kusambazwa kwa walioandikiwa. Kombora lenyewe lilijua kwamba kufika uwanjani siyo kufika.

Sasa mlinganishe na mwenye sanduku. Bahasha inaandikwa S.L.P. na namba, na jina la mji. Namba hiyo si ya nyumba bali ya kijisanduku cha chuma kwenye ukuta wa jengo la posta, chenye kitundu cha ufunguo na mlango usiozidi upana wa kiganja. Na wengi hawana hata hicho. Wanaazima sanduku la shule, la msikiti, la parokia, la mwajiri au la mwenye duka, kisha kwenye bahasha inaongezwa "kwa mkono wa Mwalimu fulani". Hivyo barua huondoka posta mfukoni mwa mwalimu, ikalala ofisini, ikapewa mwanafunzi anayeishi kijiji cha jirani, ikaachwa dukani, na siku moja mama muuza vitumbua akakumbuka. Orodha yenu ya wachukuzi ina hudihudi mmoja. Yetu ina walimu, mapadri, maimamu, makonda na watoto wa darasa la nne, wote bila kofia wala mshahara. Na tusiwacheke, maana wamefikisha barua za mahari, za misiba na za kuitwa kazini.

Najua jibu la kwanza litakalotoka Bern: mwenye sanduku ni mteja, si mchukuzi. Basi tufuate fedha. Mtu wa London anapoandika kwenda Mbeya, stempu yake ndiyo nauli ya barua hadi kwa aliyeandikiwa. Zaidi ya hapo, tangu Kongresi yenu ya Tokyo ya 1969, Umoja una utaratibu ambao posta inakotoka barua huilipa posta inakofikia kwa kazi ya kuishughulikia na kuifikisha. Mwandishi amelipa. Posta ya Uingereza imelipa. Kisha mtu wa Mbeya analipa ada ya sanduku na nauli ya daladala. Safari ya mwisho imelipiwa mara tatu, na anayeitembea ndiye pekee asiyelipwa. Kama huyo ni mteja, basi na ngamia wa Sudan alikuwa abiria.

Jibu la pili litakuwa kwamba nyumba zetu hazina anwani, na tarishi angepotea. Jibu hili lilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikabandikwa vibao vya namba. Agosti mwaka huohuo makarani wa sensa walipita kaya kwa kaya na kupata watu 61,741,120, bila kumwambia mwananchi aende posta akahesabiwe. Serikali zetu, Mheshimiwa, haziko gizani kuhusu mahali tunapolala. Na kule Niuafo'ou hakukuwa na namba ya nyumba hata moja baharini.

Jibu la tatu ndilo zito, na sitalipita kwa mzaha: barua zinakufa, simu imezimaliza, kwa nini kuajiri watu wa kupeleka kitu kisichoandikwa? Wataongeza kwamba hata posta ya taifa ya Denmark iliacha kusambaza barua mwishoni mwa 2025. Ni kweli. Ila Wadenmaki wamefika hapo baada ya vizazi na vizazi kuletewa barua nyumbani. Aliyeshiba anaweza kuondoka mezani, lakini huwezi kumwondoa ambaye hajapakuliwa ukasema chakula kimepitwa na wakati. Tena kilichopungua ni barua, si mizigo. Kila jioni kwenye stendi za mabasi kuna foleni ya watu wanaotuma simu, dawa, vipuri na nguo, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, na asubuhi bodaboda anaupeleka mzigo hadi getini. Huduma hiyo haina ruzuku wala bendera. Inaonyesha kwamba mteja yupo na njia ipo, na kwamba watu wako tayari kulipia mlango. Ndiyo, EMS, huduma ya haraka ya posta, nayo hufika mlangoni kwa bei yake. Na zipo huduma mpya zinazoigeuza namba ya simu kuwa anwani: barua ikifika unapata ujumbe mfupi wa kukuita. Maendeleo ni maendeleo, lakini hapo kilichosafirishwa hadi nyumbani ni habari za barua.

La mwisho, mtasema usambazaji ni jambo la ndani la kila nchi na Umoja hauwezi kuingilia. Ningekubali, kama Mkataba wenu usingekuwa unatamka kwamba wanyama hai hawaruhusiwi kutumwa kwa barua isipokuwa nyuki, ruba, viwavi wa hariri na wachache wengine. Chombo kilichopata muda wa kujadili haki ya ruba kusafiri hakiwezi kukosa nafasi ya kumjadili anayetembea kumfuata huyo ruba. Aidha Mkataba huohuo unazitaka nchi wanachama zitoe huduma ya msingi ya posta kwa wote, ya kudumu, katika kila sehemu ya eneo lao na kwa bei nafuu. Kila sehemu, Mheshimiwa. Sanduku la ukutani ni sehemu moja.

Kwa hiyo tunaomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya Kongresi ijayo. Mkiridhika kwamba mwenye sanduku ni mchukuzi, apewe stahili zinazolingana na za wenzake: posho ya nauli kwa kiwango cha majani ya baghala, na stempu yake mwenyewe, akichorwa amesimama mbele ya kijisanduku akitafuta ufunguo. Mkiona ni mteja, basi apelekewe barua yake pale kibao cha namba ya nyumba kilipo. Na kama yote mawili ni mazito, zisihini nchi wanachama zifute ada ya sanduku kwa mtu asiyepelekewa barua nyumbani. Mchukuzi hatozwi kwa mzigo anaoubeba.

Wako katika ujenzi wa posta,
Mwenye Sanduku.

Nakala: Umoja wa Posta Afrika (PAPU), Arusha. Imepelekwa kwa mkono.