Sifa za Printa Isiyojua Kunong'ona

Anayetafuta printa ya bei poa kwa kompyuta yake ya nyumbani hupewa ushauri mwingi: aangalie kasi, aangalie ubora wa herufi, aulize bei ya wino. Mimi namwambia aulize jambo moja tu. Je, jirani ataisikia? Kama jirani haisikii, basi hiyo inachapa mambo ya siri, na mtu mwenye familia hapaswi kuingiza ndani kitu kinachofanya mambo kimyakimya.

Printa ya doti matriksi haina tabia hiyo. Kichwa chake kina sindano nyembamba za chuma, kila moja na sumaku yake ya umeme, nazo hugonga utepe wa wino juu ya karatasi mpaka nukta zijipange kuwa herufi. Ni cherehani inayoshona bati. Ikianza kazi saa nne usiku, nyumba nzima inajua kuwa baba anachapa ankara, na mtaa wa pili unaweza kukadiria ankara zenyewe ni ngapi.

Enzi yake ya utukufu ilikuwa Marekani ya miaka ya 1980, kompyuta zilipoanza kuingia majumbani. Mwaka 1980 Epson ya Japani ilitoa MX-80: sindano 9, herufi 80 kwa mstari, herufi 80 kwa sekunde. Mwaka uliofuata IBM, jabali la kompyuta duniani, ilipotoa PC yake, haikujisumbua kubuni printa ya kuandamana nayo. Ilichukua MX-80 na kuibandika jina lake. Sijui chombo kingine cha sebuleni kilichowahi kubembelezwa kiasi hicho.

Lakini mwenye mkoba mwepesi hakununua hata hiyo. Alishuka ngazi hadi Star Gemini-10X, na akizidi kubanwa alishuka hadi Commodore VIC-1525, ambayo ndani yake ilikuwa Seikosha GP-100 iliyobadilishiwa gamba. Hii haikuwa na msururu wa sindano hata kidogo. Ilikuwa na nyundo moja, ikigonga nukta moja baada ya nyingine, herufi 30 kwa sekunde. Herufi zake zilikuwa na kimo cha nukta 7 na basi. Kwa hiyo g, j, p, q na y hazikuwa na pa kushushia mikia, zikapandishwa juu ya mstari pamoja na wenzao. Wenye roho ndogo waliita kasoro. Mimi naona haki na usawa, ingawa nakiri kwamba jogoo na pilipili wangetoka wamevimba.

Fasihi nayo ina deni kwake. Wahariri wengi wa majarida ya Marekani walitangaza wazi kwamba hawapokei miswada iliyochapwa kwa nukta, eti inaumiza macho. Fikiria ni riwaya mbovu ngapi zilizofia mlangoni kwa amri hiyo peke yake, bila mtu kulazimika kusoma ukurasa wa kwanza. Watengenezaji, kwa kutoelewa neema hiyo, wakaleta ufundi wa kupitisha kichwa mara mbili kwenye mstari uleule ili kuziba mianya kati ya nukta. Herufi zilipendeza kidogo. Kelele ilidumu maradufu, kwa hiyo hatukupoteza kitu.

Kuna pia malezi. Chini ya kifuniko hujificha vijiswichi vidogo vinavyobonyezwa kwa ncha ya kalamu. Kimoja kikiwa mahali pasipo pake, mistari yote huchapwa juu ya mstari mmoja hadi karatasi inatoboka. Ukikigeuza bila kuoanisha na kompyuta, baada ya kila mstari mmoja unaachwa mtupu na barua ya ukurasa mmoja inakuwa ya kurasa mbili. Mtoto aliyekulia karibu na vijiswichi hivyo haogopi tena fomu yoyote ya serikali.

Na karatasi! Ndefu, isiyokatika, imekunjwa kwa mapande, na matundu pembeni yanayonaswa na meno ya printa. Mwaka 1984 kampuni ya Broderbund ilitoa programu ya The Print Shop, na ghafla familia za Marekani zikawa zinachapa mabango ya siku ya kuzaliwa marefu kuliko ukuta wa sebule. Mwaka huohuo kampuni ya HP ilileta printa ya leza, LaserJet, tulivu, safi, kwa dola 3,495. Kwa fedha zote hizo, mkubwa huyo alitoa karatasi mojamoja, kama anayehesabu chenji.

Tuje kwenye uaminifu, maana hapa ndipo sifa zinaponoga. Mwaka 2005 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu kwenye teknolojia, lilionyesha kwamba baadhi ya printa za leza za rangi huchapa vijinukta vya manjano visivyoonekana kwa macho, vikitaja namba ya mashine na saa ya kuchapa. Printa yetu huchapa nukta pia, lakini zake utaziona ukiwa upande wa pili wa chumba. Siri zako haizipeleki kwa mtu mmoja. Inazitangaza kwa wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, walithibitisha hilo mwaka 2010: kwa kurekodi mlio wake tu, kipaza sauti kikiwa sentimita 10 kutoka kwake, walitambua hadi asilimia 72 ya maneno ya Kiingereza yaliyochapwa.

Wino wake nao una adabu. Utepe hufifia polepole, kutoka weusi hadi ukijivu hadi kubahatisha, na wakati wote huo unaendelea kufanya kazi. Hauna kijichipu cha kugoma ghafla. Wapo waliofungua kasha lake, wakapulizia mafuta ya WD-40, wakaufunika usiku kucha na kuupata umefufuka asubuhi.

Siri ya maisha yake marefu, hata hivyo, ni kule kugonga. Leza haina mkono wa kupiga. Hii inapiga, na pigo linapenya kaboni hadi nakala ya tatu. Ndiyo maana haijazikwa. Maghala ya Dar es Salaam na Nairobi bado yanaihitaji kwa hati za kupokelea mzigo: moja ya dereva, moja ya mteja, moja ya faili.

Basi ukipata iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe huku amebonyeza kitufe cha kusogeza karatasi. Nyingi hujipima zenyewe kwa kuchapa herufi zote zilizo nazo. Ukiona mstari mweupe umepita katikati ya kila neno, sindano moja imekufa. Usikimbie, teremsha bei. Na kama iliyokufa ni ya chini kabisa, mikia ya g na j ndiyo itakayokatika, nawe utakuwa umepata Commodore ndani ya Epson bila kuongeza hata shilingi. Kilichobaki ni kupatana na bodaboda.