Mwizi wa Mnavu

Nyumbani kwetu Ujiji mnavu ulikuwa haupandwi. Masika ukiota wenyewe kando ya jalala na pale panapomwagwa maji ya vyombo, tunachuma, tunakula. Kiangazi ukikauka, tunarudi kwenye mchicha. Basi mvua za Mei zilipokuwa zikiishia, wifi yangu akapiga simu kutoka Dar es Salaam: anakuja Septemba kwa treni, na hataki pilau wala kuku. Anataka mnavu wa mawese na dagaa.

Baba mkwe, mstaafu asiyekosa la kusimamia, akatangaza kuwa jambo hilo ni lake. Akakamua matunda meusi yaliyoiva, akaosha mbegu, akazianika kivulini. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu. Kisha akazifukia kina cha kidole kizima, kama anayepanda mahindi. Mbegu ndogo kiasi kile hutaka udongo wa kuzifunika tu. Kitalu kikabaki kipara.

"Mzee, mboga iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, na ikatembea. Subirini."

"Miaka minane ya kusubiri mboga mimi sina."

Mama mkwe akapanda upya mwenyewe. Mbegu alizichanganya na mchanga mkavu zisimwagike sehemu moja, akazitia kwenye mifereji ya juujuu, akafunika kwa nyasi mpaka zikachipua. Mzee alitaka miche ihamishiwe palipokuwa na nyanya. Mama mkwe akakataa katakata. Mnavu na nyanya ni ukoo mmoja, na mnyauko ulioua nyanya bado umo udongoni. Miche ilipofikisha majani matano, sita, tukaihamisha jioni kwenye tuta jipya lenye samadi iliyooza, shubiri moja na nusu kati ya mche na mche. Vidukari walipoingia, tukawanyunyizia majivu.

Tuta lilipopendeza, mzee akalirudisha mikononi mwake. Akazungushia uzio, akaweka kiti, akatoa amri: "Halichumwi hata jani moja mpaka mgeni afike!"

Sasa mnavu ni mboga inayotaka kukatwa. Ukiuacha unakimbilia maua na matunda, majani yanadumaa na uchungu unazidi. Mama mkwe alilijua hilo, na alimjua mumewe. Mzee akitoka alfajiri kwenda msikitini, sisi wawili tunaingia na kisu upande wa ukutani, usioonekana kutoka kitini. Tunakata vilele, tunaacha shina la kimo cha kiganja, na kila shina likatoa matawi mapya. Tulikuwa tunakula jikoni kimyakimya, huku mzee barazani akila ugali wa muhogo na mgebuka mkavu, akitusifia faida za subira.

Wifi akafika. Kabla hajamaliza kunywa maji, akapelekwa bustanini. Upande wa kiti ulikuwa umerefuka, maua meupe juu, matunda ya kijani chini. Mama mkwe akawafukuza wajukuu waliokuwa wanayanyemelea: mabichi yale yana sumu.

"Baba, huu si mboga tena, ni kuni," wifi akasema, akapita moja kwa moja hadi ukutani, kwenye majani mapana mororo, akaanza kujaza ungo.

Mzee akainama. Akaona kovu la kisu kwenye shina la kwanza, la pili, la tatu.

"Nani kaiba hapa?"

Mimi nikakumbuka nina maji motoni.

Tuliuchemsha, tukamwaga maji ya kwanza, tukakaanga kitunguu kwenye mawese, tukatia dagaa. Mzee alikula hakusema neno, akaongeza, akaongeza tena.

Alfajiri ya pili tukakikuta kisu kimenolewa, kimewekwa mlangoni pa jiko. Sauti ya mzee ikasikika kutoka njiani: "Leo wezi waanze na upande wa kiti changu!"