Kiu ya Anayeogelea

Binadamu ana vituko: amesimama juu ya ziwa zima, analalamika chombo chake kina kiu. Nenda Lake Havasu, Arizona, umtazame bwana mmoja na jetski yake ya kusimama. Ni Yamaha SuperJet, injini ya cc 701, iliyotoka kiwandani na mpira mmoja wa maji ya kupoza. Kazi yake nyepesi: pampu ile ile inayosukuma chombo huchepusha maji kidogo, yanazunguka injini, kisha yanatoka ubavuni kama mkojo wa mtoto.

Mmoja hautoshi, anasema bwana. Anashika dirili, anatoboa pampu, kisha anatoboa chombo chenyewe. Ndiyo, chombo cha majini, anakitoboa makusudi, apitishe mpira wa pili hadi kwenye kichwa cha silinda.

Tuwe waungwana. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, jambo hili lina maana: maji hufika kichwani yangali baridi, hayajapashwa moto njiani. Mwanamashindano hatumcheki. Lakini bwana wetu hashindani na mtu. Huzunguka dakika kumi, akapigwa picha, akarudi ufukoni. Mpira wake wa kwanza haukuwa na kosa ila mchanga ulioujaa tangu msimu uliopita, maana hakuwahi kuusafisha. Sasa ana mipira miwili, na mchanga ni ule ule.

Ndugu mpanda jetski, kabla hujatoboa, zibua.