Sifa za Paa Linalovuja

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Paa linalovuja limetukanwa vya kutosha. Mafundi wanalisema, majirani wanalicheka, na shemeji akija kutusalimia huinua macho juu, akaguna, kisha akauliza bei ya mabati siku hizi. Hakuna aliyewahi kulishukuru. Leo nalishukuru mimi, kwa niaba ya wazazi wote wa Sombetini, Kijenge, Moshono na Sakina ambao masika yakiingia hufungiwa ndani na watoto watatu au wanne, pamoja na mtoto wa jirani wa nyongeza.

Masika ya Arusha hayana haraka. Huanza Machi, huaga Mei, na katikati hapo Mlima Meru, na urefu wake wote wa mita 4,566, hufichwa na mawingu hata ukasahau uko upande gani. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi huparamia miteremko ya kusini na mashariki, ukapoa huko juu, ukatua mzigo wake juu ya mabati yetu. Walio nyuma ya mlima, kule Oldonyo Sambu, huambulia makombo. Sisi tuliopakuliwa sinia zima tunabaki na swali moja: hawa watoto tuwafanyeje?

Utasema washa runinga. Umeme ulikatika radi ilipopiga mara ya kwanza. Utasema wape simu. Chaji inasoma asilimia nne, na bando liliisha jana. Utasema wachore. Walishachora, na ukuta ni shahidi. Hapo ndipo paa letu, lisilohitaji chaji wala vocha, linapoanza kazi.

Tone huzaliwa kwenye msumari wa bati uliopoteza mpira wake. Huvimba polepole, likang'aa, likajivuta, likasita, kisha likaachia. Likigonga sufuria tupu hulia *ti*. Sufuria ikishika maji, sauti hunenepa. Ikifika nusu, utasikia *blup*. Watoto hulala chali kwenye mkeka wakalisubiri, wakahesabu kutoka tone hadi tone, wakawekeana dau la karanga. Kitinda mimba, ambaye hajatulia tangu azaliwe, hutulia.

Elimu nayo imo. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nilimpa kifungua mimba hesabu hiyo ili nipumue kidogo. Akapima nyumba kwa hatua, akajumlisha lita za paa zima, kisha akalinganisha na zilizomo kwenye sufuria. Tangu siku hiyo amekuwa wakili wa paa. Anamwambia baba yake kwamba karibu maji yote hupita nje salama, na kwamba si haki kulihukumu bati kwa vijiko vichache.

Siasa je? Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na nyumbani kwetu linatekelezwa kila Aprili. Chumba cha wazazi kikilowa, na cha wavulana kikilowa, wote huhamia kitanda kimoja kilichosalimika. Pale hakuna mkubwa wala mdogo, na blanketi ni mali ya umma. Ugomvi ukizuka juu ya nani akamwage ndoo, tunakumbuka kwamba mji huu una uzoefu: Warundi walijadiliana hapa, wakisuluhishwa na Mwalimu Nyerere na baada yake Mandela, hadi makubaliano yakatiwa saini Agosti 2000. Mimi sina Mandela, nina karanga za kukaanga, na mkataba hupatikana: mkubwa anamwaga, wa kati anapiga deki, mdogo anatangaza ndoo ikijaa.

Kitandani hapo ndipo vitendawili hufufuka. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyeshindwa sharti atoe mji. Juzi mtegaji alipewa Moshi, akaikataa mbele ya shangazi yake aliyetoka huko huko, akadai Dar es Salaam na bahari yake.

Na utalii? Boksi kubwa likikatwa juu huwa gari la watalii, dimbwi la sebuleni huwa Ziwa Momela, na kandambili nyekundu ndizo flamingo. Mgeni hulipa dola nyingi apande gari la paa la kufunguka. Sisi la kwetu limefunguka lenyewe.

Wenye busara watanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba chururu si ndo ndo ndo. Nakubali. Silingi bodi yetu imeshachora ramani ya Afrika, na mwaka huu imeanza Madagaska. Lakini nitajie mlezi mwingine awezaye kumzuia mtoto asitoke nje kwa hiari yake. Nje kuna makorongo, na korongo la Arusha ni laghai: asubuhi unalivuka mguu mkavu, mvua ikipiga huko juu mlimani linashuka ghafla hata kama kwako kuna jua. Aprili 2024 maji yalisomba gari lililobeba wanafunzi hapa hapa jijini, na mji ukazika watoto wake. Baada ya hapo, mtoto aliyekaa ndani akigombania sufuria ya matone ni baraka, hata akipiga kelele za kuamsha mtaa.

Fundi nimekwisha kuongea naye. Mvua ikinyesha anasema, "Mama, bati linateleza, subiri kukauke." Kukikauka anasema, "Mama, mbona sioni panapovuja?" Zamani jibu hilo lilinipandisha presha. Sasa namkaribisha chai. Akija kweli mwezi Juni, aanze na chumba cha wazazi, azibe kila tundu, apake na lami. Sebuleni auache ule msumari mmoja. Akiuziba na huo, masika yajayo watoto nampelekea yeye, na mtoto wa jirani akiwemo.