Mheshimiwa Mbawakawa wa Tunduma

Tunduma ina waheshimiwa wengi: wenye malori, wenye maghala ya mahindi, mawakala wa forodha waliojipanga vizuri tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe mwaka 2019. Wote wameshapata wa kuwasifu. Aliyesahaulika ni mbawakawa wa ardhini, yule mweusi anayechomoka chini ya tofali usiku na kutimua mbio kama mwenye deni aliyemwona mdai wake.

Ukoo wake una spishi zipatazo 40,000 duniani, na wengi wao ni wawindaji. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 na kuyatafuna mahindi, vikao viliitishwa na dawa zikanunuliwa. Mbawakawa hula viwavi kila usiku, bila kikao na bila posho ya kujikimu. Malipo yake kwetu ni ndala.

Na akichokozwa? Hapo ndipo adabu yake inapopita ya wengi. Baadhi ya ndugu zake hubeba tumboni haidrojeni peroksaidi na hidrokwinoni katika kifuko kimoja, na vimeng'enya katika chumba cha pili. Akiguswa, vitu hivyo hukutana, vikachemka hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na tako likafyatuka kwa mlio. Mwaka 1999, Thomas Eisner na Daniel Aneshansley walichapisha picha za mmoja wa kutoka Kenya, Stenaptinus insignis, akilenga shabaha kila upande, hata juu ya mgongo wake mwenyewe. Ananuka, ndiyo. Lakini katika mji ambao malori hupiga honi usiku kucha bila sababu, nani mwingine hupiga kelele pale tu anapoguswa?

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ukaguzi. Mwaka 1998 Jari Niemelä wa Helsinki na wenzake walianzisha mradi wa Globenet, wa kulinganisha mbawakawa wa katikati ya miji na wale wa pembezoni na msituni. Katika miji mingi, wakubwa wasioweza kuruka ndio wanaotangulia kutoweka. Wadogo wenye mabawa hubaki. Ofisi ya ardhi huhitaji ramani, gari na mafuta ili kujua kiwanja kipi kimezikwa chini ya zege. Mheshimiwa hutoa taarifa hiyohiyo kwa kutoonekana tu.

Kumhesabu ni rahisi. Fukia makopo ya plastiki, midomo ikiwa sawa na udongo: machache karibu na forodha, mengine kando ya reli ya TAZARA, mengine Mpemba, mengine kwenye mibuni ya Mbozi. Asubuhi chungulia. Toboa matundu madogo chini na uezeke kigae juu, maana wakati wa mvua kopo lisilo na paa huwa mali ya vyura. Mtoto atakayetumwa kuyakusanya aambiwe mapema: mheshimiwa hashikwi karibu na macho.