Mtandao Usirudi Kwanza

Kijijini kwetu Kikole ukitaka kuangusha mpingo mmoja, jiandae kwa vikao. Kuna mpango wa uvunaji, kuna Kamati ya Maliasili ya kijiji, kuna nyundo ya kugongea gogo alama. Si bure msitu huu, pamoja na ule wa Kisangi, ulipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009. Lakini programu ninayotengeneza ya kuandikisha magogo hayo, mpwa wangu aliyeko Dar aliifyeka kwa mstari mmoja wa amri, huku anakula chipsi mayai.

Eti anafanya usafi. Msimbo wetu tunautunza kwa Git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na ni yeye aliyepanga ripo, yaani ghala la msimbo, ijinakili yenyewe kila saa: nakala moja seva ya kukodi, nyingine laptopu yangu huku kijijini. "Mjomba, hata nyumba iungue, kazi ipo." Hakuniambia kwamba nakala ya namna hiyo, wanayoiita ya kioo, haina akili. Ukifuta tawi, yaani mkondo mmoja wa kazi, kule Dar, saa ikigonga nayo inafuta, tena bila kuuliza. Kumbe muda wote huo bakapu hatukuwa nayo. Tulikuwa na wapambe wawili, bwana akipiga chafya nao wanapiga.

Yaliwakuta hata wakubwa. Machi 2013 seva kuu ya KDE, mradi wa programu huria, iliharibika, na seva za kioo zikaunakili uharibifu wenyewe kwa uaminifu mkubwa. Ripo zaidi ya 1,500 ziliponea kwenye seva moja ambayo ilikuwa haijafuatisha wenzake.

Kwetu, mchelewaji alikuwa Kikole. Ilikuwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimeshapita, maji yamekata barabara ya Lindi pale Somanga, halafu tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika, mtandao ukawa wa kubembeleza nchi nzima. Seva ya kukodi ilishatii. Laptopu yangu ilikuwa haijasikia habari.

Simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Laptopu iko wapi?"

"Marahaba. Iko chaji, kwa jirani mwenye sola."

"Imewaka? Mjomba, isipate mtandao! Hata kidogo!"

Nikatoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Kijana wa jirani nikamkuta kibarazani, kanyanyua simu juu ya kichwa anausaka mtandao, na hotspoti yake laptopu yangu inaijua kuliko inavyonijua mimi.

"Zima!"

"Umeanza kusoma, mjomba! Vijiti viwili!"

Uso wake ulivyong'aa, ungedhani kaona mwezi wa Idi. Nikampokonya simu, nikazima waifai ya laptopu, ndipo nikaifuta ile ratiba ya kila saa. Matawi yote yalikuwemo. Kijana mpaka leo hanisalimii vizuri. Alikuwa anasubiri matokeo ya Simba.

Siku hizi kioo kimekatazwa kufuta, na kila Ijumaa faili moja lenye ripo nzima na tarehe yake linaingia kwenye flashi. Mpwa, kwa aibu, amejitolea kuninunulia bando la mwezi, nakala ya Kikole isichelewe tena. Nimemwambia anirushie hela yenyewe tu, bando nitajua mwenyewe.